KITI CHA BINTI YETU TUSIKINUNUE KWA MACHO



Katika karatasi yetu ya mwezi uliopita mlisoma ya kwamba matawi manne yamechanga fedha kwa ajili ya binti wa mwenzetu mmoja wa karakana, ambaye ameitwa chuoni kusomea uhasibu. Fedha zilizofika mikononi mwa mweka hazina ni shilingi 84,300. Twamshukuru kila aliyetoa, hata yule kibarua wa gangi aliyetuma shilingi hamsini akaomba jina lake lisisomwe. Sasa limetokea neno ambalo hatukulitazamia. Tulidhani kazi ngumu ni kuchanga, kumbe kazi ngumu ni kununua.

Kamati ilipokutana tulikuwa watu saba, na maoni yalikuwa matatu. Wengine walisema, kiti cha magurudumu ni kiti tu. Vipo mjini vya shilingi elfu kumi na nne, tununue kimoja, na fedha zinazobaki apewe binti za karo. Wengine walisema, hapana, enzi hizi ni za mitambo, tuongeze mchango tumnunulie kiti cha umeme asichoke. Sisi tunaoandika haya tu wa upande wa tatu, wala hatufichi. Twasema anunuliwe kiti chepesi cha kusukuma kwa mikono, kilichopimwa kwa mwili wake. Mwenyekiti alituambia tuandike sababu zetu ili memba wote wazisome kabla ya mkutano, nasi tumetii.

Kwanza yafaa mjue yaliyompata. Binti huyu alipata ajali ya matatu akiwa na miaka kumi na minne, uti wa mgongo ukaumia, na tangu kiunoni kwenda chini hana nguvu wala hasikii kitu. Mikono yake ni mizima, na kichwa chake mlikiona katika matokeo ya mtihani. Kiti chake cha kwanza alipewa kwa sherehe. Palikuwa na hema, hotuba na picha nyingi, na waliokitoa hatutawataja kwa kuwa nia yao haikuwa mbaya. Walakini hakuna hata mmoja aliyempima. Kiti kilikuwa cha upana wa inchi 18, naye nyonga zake ni inchi 14. Akawa akikaa upande upande kama mzigo uliofungwa vibaya ndani ya behewa. Kitambaa cha kukalia kikalegea kama machela, na mto wa kukalia hakupewa. Kwa kuwa hasikii maumivu hakujua ya kuwa ngozi inaoza. Kidonda kilipoonekana kilikuwa kimekaribia mfupa. Alilala hospitali miezi minne, akapoteza mwaka mzima wa shule, na baba yake akauza ng'ombe wawili na kukodisha shamba. Haya ndugu zetu, hicho ndicho kiti cha bure. Kilimgharimu mwenzetu kuliko kiti kizuri cha dukani.

Wanaosema kiti ni kiti tu, waulizwe kama buti ni buti tu. Tukipewa sote buti za namba tisa tutakwenda kazini namna gani?

Basi tuseme habari ya wepesi, maana hapo ndipo watu wanapobishana bila kujua. Kile kiti cha hospitali, cha bomba la chuma na cha kukunjwa katikati, kina uzito wa kilo 17 mpaka 20. Kiti cha alumini kilichotengenezwa kwa mtu anayejisukuma mwenyewe chaweza kuwa kilo 11, pengine pungufu. Mwenzetu mmoja wa stoo alisema kwa haki kabisa: binti ana kilo 52, akikaa katika kiti cha kilo 19 jumla ni 71, akikaa katika cha kilo 11 jumla ni 63, sasa tofauti ya kilo nane ndiyo tuimwagie fedha zote hizi? Hesabu yake ni sawa. Ni kama moja kwa tisa. Kwenye lami tambarare, uzito wa kiti peke yake si neno kubwa sana.

Lakini sisi watu wa reli tu wa kwanza kujua ya kwamba mzigo hauulizwi uzito tu, waulizwa pia unakaa wapi. Katika kile kiti cha hospitali ekseli ya magurudumu makubwa imewekwa chini ya mgongo kabisa, na haisogei. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili yaangukia yale magurudumu madogo ya mbele, nayo ndiyo huzama katika maram na kukwama kwenye kila kijiwe. Katika kiti kizuri ekseli yaweza kusogezwa mbele kwa matundu, mzigo ukakaa juu ya magurudumu makubwa, na yale ya mbele yakawa ya kuongoza tu. Mtu hupata nafuu zaidi kwa kusogeza ekseli kuliko kwa kupunguza zile kilo nane. Tena mikono hulifikia gurudumu vizuri. Kipimo chake ni rahisi: mtu akikaa wima na kuiacha mikono ining'inie, ncha za vidole zifike karibu na katikati ya gurudumu. Hatari yake nayo tuiseme. Ekseli ikisogezwa mbele mno kiti hupinduka nyuma. Basi huanza na tundu la nyuma, akajifunza, akasogeza tundu moja moja, na kiti kiwe na vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kuanguka mpaka azoee.

Wepesi wenyewe kazi yake kubwa ni pale kiti kinapoinuliwa. Ngazi tatu mbele ya maktaba, matatu ya abiria kumi na wanne, mlango wa bweni wenye kizingiti. Kilo 19 zahitaji mwanamume mwenye nguvu. Kilo 11, magurudumu yakiisha kuvuliwa, msichana mwenzake ataziinua kwa mkono mmoja.

Wawili wetu tulikwenda chuoni siku yetu ya mapumziko, tukapima kwa hatua. Toka bweni mpaka darasa ni kama mita 700, na njia nusu yake ni maram. Akienda na kurudi asubuhi, akaenda na kurudi mchana, ni mita 2,800. Tukihesabu mita moja na nusu kwa msukumo mmoja, ni misukumo karibu 1,900 kila siku ya Mungu, na hapo hajaenda kula. Bega la mtu halikuumbwa liwe mguu. Wengi waliotumia viti miaka mingi mabega yao yameharibika, na mtu wa namna hiyo bega likimwisha amepoteza miguu mara ya pili. Ganga wa njia ataelewa haraka: mpini usiokufaa utakuvunja kabla ya mwaka kwisha, hata kama sururu yenyewe ni ya chuma kizuri.

Tuliona pia mteremko uliojengwa mlangoni pa jumba la mafunzo. Kipimo kinachokubaliwa na wajenzi ni moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Sisi tukisikia njia ya treni ina mlima wa moja kwa hamsini twaanza kuhesabu mabehewa! Na huo mteremko wa chuo, kwa macho yetu, hata moja kwa kumi na mbili haukufika, ulikuwa mkali zaidi. Tumemwandikia barua msimamizi wa majengo, twangoja jibu.

Mambo haya ya viti hayakutoka kwa mabwana wakubwa ofisini. Mwaka 1933 huko California, Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyevunjika mgongo katika ajali ya mgodi, alikaa na rafiki yake Harry Jennings, mhandisi wa mitambo, wakatengeneza kiti cha bomba la chuma cha kukunjwa ili kiingie katika motokaa. Kile kiti cha hospitali mnachokiona kila mahali ni mjukuu wa kiti hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko huko California, Marilyn Hamilton alianguka akiruka kwa bawa la tiara, akapooza, akakichukia kiti alichopewa kwa uzito wake. Rafiki zake wawili waliokuwa wakitengeneza mabawa hayo wakamtengenezea kiti kwa mabomba yale yale ya alumini. Ndipo viti vyepesi vikaenea. Naye Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyeumia kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alizunguka nchi nyingi maskini akifundisha mafundi kutengeneza viti vya kustahimili barabara mbovu kwa vyuma vinavyopatikana huko huko. Hapa Kenya chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, nacho kimetengeneza viti katika karakana zake. Kila mahali ni mtu aliyeumia pamoja na fundi. Hatuoni kwa nini karakana ya reli ione haya.

Sasa vipimo. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo wake wa viti vya kusukuma kwa nchi zenye uhaba mwaka 2008, na neno lake kubwa ni kwamba mtu apimwe, kiti kitengenezwe kumfuata, ajaribishwe, afundishwe, na kiti kitazamwe tena baadaye. Si kukabidhiwa na kupigwa picha. Upana wa kukalia uwe sawa na nyonga zake, pengine na kidole cha nafasi tu. Urefu wa kukalia upimwe toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, kisha upunguzwe sentimita tatu mpaka tano, la sivyo ukingo utamkata nyuma ya goti. Mgongo wa kiti usipite chini ya mifupa ya mabega, ili mikono iwe huru. Kibao cha miguu kisiwe juu mno hata magoti yakainuka, kwani hapo uzito wote hurudi makalioni na kidonda kikarudi nao.

Na upana huo si wa mwili tu. Kiti huzidi upana wa kukalia kwa sentimita kama 20, kwa sababu ya magurudumu na ringi za mikono. Kile cha inchi 18 chafika sentimita 65. Tulipima mlango wa choo cha bweni lake kwa futi ya seremala, tukapata sentimita 64. Alikuwa akifanyaje siku zote? Hatukumwuliza, tuliona haya. Kiti cha inchi 15 kitapita.

Mto wa kukalia usihesabiwe kuwa anasa. Ni nusu ya kiti. Sponji ngumu iliyochongwa mahali pa mifupa, na kifuniko kisichopitisha maji, na baada ya mwaka au zaidi kidogo sponji ikibonyea ibadilishwe. Hata hivyo sharti ajiinue kwa mikono kila baada ya muda, na kuitazama ngozi jioni kwa kioo. Binti mwenyewe alitueleza haya, tena kwa makini kuliko daktari.

Kuhusu magurudumu tunalo onyo, na huenda ndilo lenye faida kuliko yote tuliyoandika. Kiti kingi cha magurudumu huja na tairi lililoandikwa inchi 24. Mtu husema, vyema, duka la baiskeli lina tairi la 24. Akinunua haliingii. Tazameni ubavuni mwa tairi, pana namba ndogo ya milimita. Tairi la kawaida la kiti ni 540, na la baiskeli ndogo ya milimani, ijapo nalo laitwa 24, ni 507. Zaitwa jina moja, wala si ndugu. Basi tuagize kiti chenye rimu zinazochukua tairi la baiskeli, ili tairi, tyubu na spoki vipatikane kwa fundi yeyote chini ya mwembe. Magurudumu ya mbele tusichukue yale madogo magumu ya inchi nne yanayopendeza sakafuni; kwa maram na matope yawe mapana, ya inchi sita au zaidi. Na beringi ziwe za namba, zinazouzwa katika duka la beringi, si za kufungiwa ndani ya plastiki.

Fremu ndiyo iliyotugawanya hata sisi wenyewe. Fundi wetu wa kuchomelea asema alumini ikipasuka haichomwi na kila mtu wa jua kali; yahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, na hata ikishachomwa pale mahali hapana nguvu ya kwanza. Chuma chembamba kizuri huchomwa popote. Neno lake ni la kweli, na kama binti angekuwa anakaa mbali na mji tungemfuata. Lakini chuo kipo karibu na reli, na karakana yetu ina mashine hiyo na watu wanaoijua. Tunasimama na alumini. Tena tunataka fremu isiyokunjwa katikati, yenye magurudumu ya kuvuliwa kwa kubonyeza kitufe na mgongo wa kulazwa mbele. Kile cha kukunjwa kina maungio mengi, na kila ungio hulegea na kula nguvu ya msukumo. Ni kweli kile kisichokunjwa chasumbua katika matatu. Lakini matatu ya kwenda nyumbani atapanda mara chache kwa mwaka, na njia ya darasa ataisukuma kila siku.

Ndugu zetu wa kiti cha umeme hatuwacheki. Mtu ambaye mikono yake haina nguvu, kiti hicho ni haki yake. Lakini mara nyingi kina uzito wa kilo hamsini na zaidi pamoja na betri. Nani atakipandisha zile ngazi tatu? Stima ikipotea usiku, asubuhi atakwendaje? Na betri ikifa mwaka wa pili tutachanga tena? Binti ana mikono, nayo ni mikono yenye nguvu kuliko ya baadhi yetu wa ofisini.

Wengine wameuliza kwa nini Serikali isinunue. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yasema mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa sahihi mwaka 2025. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko wa vifaa, na fomu za binti tumezijaza. Haki tuidai, wala tusinyamaze. Lakini masomo yanaanza mwezi ujao. Wengine walidhani sheria ya fidia ya 2007 itasaidia. Hiyo ni yetu sisi tuumiapo kazini, nayo yamtaka mwajiri kulipa hata vifaa vya aliyelemaa. Mtoto aliyeumia barabarani haimhusu. Someni sheria hiyo, ndugu wa yadi, kabla haijawa lazima.

Tumebakiza jambo moja, nalo latuaibisha. Kamati ya wanaume saba ilikaa mara mbili ikibishana habari ya kiti, na hakuna aliyemwuliza atakayekikalia. Mara ya tatu mama mmoja wa tiketi aliyeingia kutuletea chai akasema, "Na yeye mwenyewe anasemaje?" Tukaona aibu, tukaenda kwake.

Akatuambia, "Wazee wangu, nashukuru. Lakini naomba kiti kisiwe na vishikio vya nyuma." Tukashangaa. Kumbe watu humjia nyuma sokoni na chuoni, wakashika na kumsukuma bila kumwuliza, wengine wakimwombea kwa sauti. Siku moja alisukumwa mpaka ng'ambo ya barabara ambako hakuwa akienda. Akasema pia hataki vipumzisho vya mikono vilivyochomewa, kwa sababu vyamzuia kusogea mezani na kuhamia kitandani. Sisi tuliosoma shule ya misheni tulimkumbuka yule mwenye kupooza aliyeshushwa darini na watu wanne. Tulikuwa tukijiona ndio wale wanne. Binti huyu hataki watu wanne, anataka mlango wa sentimita 70.

Tulipatana naye hivi: vishikio viwe vya kukunjwa chini, avitoe yeye atakapo. Muuzaji mmoja wa Nairobi alitutajia shilingi 68,000 kwa kiti cha namna tuliyoieleza, akikubali binti aje akikalie kabla hatujalipa. Yule wa kwanza tuliyemwendea alikataa kujaribishwa, tukatoka dukani. Zinabaki shilingi 16,300 kwa mto, tairi mbili za akiba, pampu, spana, na nauli ya kwenda kupimwa.

Mkutano ni Jumamosi baada ya siku ya mshahara, saa nane mchana, katika jumba letu la mikutano. Wenye maoni mengine waje wayaseme mbele ya binti, maana ameahidi kuhudhuria. Fundi wa kuchomelea ataleta kipande cha alumini alichokiunga, mpate kukipiga nyundo wenyewe. Na kwa kuwa mlangoni pana ngazi mbili, twaomba vijana wa gangi wafike saa sita na mbao.